Mkaa wa Mifupa na Meno ya Mtoto: Uhandisi wa Nyenzo Endelevu Unavyoingia Zahanati

Katika kliniki za meno zinazohudumia vijiji vya miteremko ya Mlima Meru, swali moja hurudi kila mara. Mama humleta mtoto wa miaka minane au tisa ambaye meno yake mapya ya mbele yana mistari myeupe kama chaki, na mengine yameshaingia rangi ya kahawia. Anauliza ni dawa gani itakayoyasafisha. Mtoto mwenyewe huzungumza huku amefunika mdomo kwa kiganja. Jibu la kitabibu ni fupi na halifurahishi: doa hilo si uchafu. Jino liliharibika wakati likiwa bado ndani ya taya, enameli yake ikatoka na vinyweleo, na rangi ya kahawia imekuja baadaye kwa chakula na chai kupenya katika vinyweleo hivyo. Kulisugua kwa mchanga, majivu au mkaa hukwangua enameli iliyobaki bila kuondoa ugonjwa. Daktari wa meno anaweza kulipausha au kulifunika, kwa gharama ambayo familia nyingi za kijijini haziimudu.

Lakini mama huyo mara nyingi ana mtoto mwingine mgongoni. Meno ya kudumu ya huyo wa mgongoni yanajengwa sasa hivi, na yataendelea kujengwa hadi atakapofika umri wa miaka minane hivi. Huyo bado anaweza kuokolewa. Dawa yake haipo kwenye kiti cha daktari wa meno. Ipo kwenye mtungi wa maji ya kunywa, na hapo ndipo kazi ya mganga inapokutana na kazi ya mhandisi wa nyenzo.

Chanzo cha madhara haya ni floraidi. Miamba ya volkano ya kaskazini mwa Tanzania na ya Bonde la Ufa nchini Kenya ina madini hayo kwa wingi, na maji yanayopita humo kwa muda mrefu huyayeyusha. Shirika la Afya Duniani linapendekeza maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floraidi kwa lita. Katika sehemu za Arusha, Kilimanjaro, Manyara, Singida na Shinyanga vipo visima na chemchemi vinavyopita kiwango hicho mara kadhaa. Tatizo lilikuwa kubwa kiasi kwamba mwaka 1974 Tanzania ililazimika kuweka kiwango cha muda cha miligramu 8 kwa lita kwa maji ya vijijini, kwa kuwa kushikilia kiwango cha kimataifa kungekuwa sawa na kufunga visima bila kuwa na badala yake. Baadaye kiwango kilishushwa hadi 4, kisha hadi 1.5. Kushusha namba katika karatasi, hata hivyo, hakubadilishi kilichomo kisimani.

Floraidi kidogo hulinda jino lisioze, na ndiyo sababu imo katika dawa ya meno. Ikizidi kwa miaka mingi, madhara hayaishii menoni. Karibu asilimia 99 ya floraidi inayobaki mwilini hukaa katika mifupa na meno. Mtu mzima aliyekunywa maji yenye floraidi nyingi tangu utoto anaweza kupata maumivu ya viungo, mgongo unaokakamaa, na katika hali mbaya zaidi miguu iliyopinda. Mhudumu asiyelijua hilo humpa dawa za maumivu na kumwambia ni uzee.

Ndugu wengi huamini kwamba maji yakichemshwa yamekuwa salama. Kwa vijidudu, ndivyo. Kwa floraidi, kuchemsha ni kuongeza tatizo: maji hupungua kwa mvuke, floraidi hubaki yote, na kila kikombe huwa kikali kuliko kilivyokuwa. Klorini haiigusi. Chujio la kawaida la udongo haliizuii, kwa kuwa floraidi imeyeyuka kabisa na hupita palipo na tundu dogo kuliko bakteria. Haina rangi, harufu wala ladha ya kumwonya mnywaji.

Kinachohitajika, basi, ni kitu kinachoishika floraidi na kuyaacha maji yaende. Kukitafuta kitu hicho ndiyo kazi ya uhandisi wa nyenzo. Neno “nyenzo” hapa lina maana ya kile ambacho kitu kimetengenezwa kwacho: udongo wa mtungi, plastiki ya ndoo, chuma cha nondo, risasi iliyo katika kuta za chumba cha eksirei. Katika shahada ya kwanza, mwanafunzi hujifunza nyenzo zinavyofanya kazi. Katika shahada ya uzamili ya nyenzo endelevu, kwa kawaida ya miaka miwili, yenye masomo ya darasani na kisha utafiti na tasnifu, swali hupanuka: nyenzo hii imetoka wapi, imegharimu moto kiasi gani kuitengeneza, nani ataimudu, na ikishachoka itatupwa wapi? Tanzania ina taasisi inayofundisha fani hii karibu kabisa na vijiji vyenye tatizo. Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, iliyoko Arusha, hutoa shahada za uzamili na uzamivu pekee, na mojawapo ya shule zake huunganisha nyenzo, nishati, maji na mazingira chini ya paa moja. Muungano huo una mantiki, maana mgonjwa wa florosisi ana mambo yote manne katika kikombe kimoja.

Nyenzo iliyofanyiwa kazi kwa muda mrefu zaidi katika eneo hilo ni mkaa wa mifupa. Kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi cha Ngurdoto, kilicho chini ya wizara inayohusika na maji, kimeushughulikia kwa miaka mingi, na upande wa Kenya Dayosisi Katoliki ya Nakuru ilianzisha utengenezaji na uuzaji wa machujio yake. Malighafi ni mifupa ya ng’ombe inayorundikana machinjioni. Mfupa mkavu kwa sehemu kubwa ni madini ya kalsiamu na fosfeti yanayoitwa haidroksiapatiti, yakiwa yamefumwa pamoja na protini. Mifupa ikichomwa katika tanuri lenye hewa kidogo, kwa joto la kati ya nyuzi 400 na 600 za Selsiasi, protini na mafuta hugeuka gesi na kaboni, na kinachobaki ni madini yale yale yakiwa na vitundu visivyohesabika. Maji yakipita humo, floraidi hunata juu ya uso wa chembe na kuchukua nafasi ya haidroksidi iliyokuwa sehemu ya madini. Mifupa ya mtu hai huikamata floraidi kwa njia inayofanana na hiyo. Chujio, kwa maneno mengine, huutanguliza mfupa wa ng’ombe upokee kile ambacho kingepokewa na mfupa wa mtoto.

Maelezo hayo yanaweza kumfanya mtu aone kwamba kazi imekwisha: choma mifupa, jaza ndoo. Kwa kweli, hapo ndipo mwanafunzi wa uzamili huanza. Joto likiwa dogo, mafuta na protini havikuisha. Maji hutoka na rangi na harufu ya mfupa, na familia huyamwaga siku ya kwanza wala hairudii tena. Joto likipita nyuzi 700 hivi, vitundu huanza kuzibika, chembe za madini hukua, uso wa kunatia hupungua, na nyenzo hubaki ikionekana safi huku uwezo wake umeshuka. Hewa ikiingia kwa wingi tanurini, kaboni huungua yote na mifupa hutoka myeupe kama chokaa. Mnunuzi huipenda weupe wake. Ni vema akajua kwamba mkaa mzuri wa mifupa kwa kawaida ni mweusi au wa kijivu cheusi, na hauna harufu.

Katika maabara, mwanafunzi hupima eneo la uso wa ndani kwa gesi ya naitrojeni, kwa mbinu iliyochapishwa mwaka 1938 na Brunauer, Emmett na Teller. Hutumia mionzi ya eksirei, ile ile anayoijua mhudumu wa hospitali, safari hii kusoma mpangilio wa atomi katika madini badala ya kutafuta mfupa uliovunjika. Kisha huweka kipimo fulani cha mkaa katika maji yenye floraidi inayojulikana, husubiri, na kupima kilichobaki. Matokeo huyachora kwa mlinganyo wa Langmuir au wa Freundlich ili kupata namba moja yenye thamani kubwa: gramu moja ya nyenzo hii inaweza kushika miligramu ngapi?

Namba hiyo humgusa mgonjwa moja kwa moja, na hesabu yake si ngumu. Tuseme gramu moja ya mkaa hushika miligramu 2. Kisima kina miligramu 8 kwa lita na inatakiwa ibaki 1, hivyo kila lita huachia chujio miligramu 7. Chujio lenye kilo 10 za mkaa linaweza kushika miligramu 20,000, yaani litasafisha lita 2,850 hivi. Familia inayotumia lita 20 kwa siku kwa kunywa na kupikia itazimaliza katika siku 143, chini kidogo ya miezi mitano. Jirani yao mwenye kisima cha miligramu 4 na chujio lile lile atakwenda karibu mwaka mzima. Kwa hiyo ushauri wa “badilisha mkaa kila baada ya miezi sita”, unaotolewa kwa wote bila kupima maji yao, humdanganya mmoja na kumpotezea fedha mwingine.

Hatari kubwa ya chujio ni namna linavyokufa. Chujio la mchanga likichoka huziba, na kila mtu huona. Mkaa wa mifupa ukishajaa, maji huendelea kutoka kwa kasi ile ile, meupe na matamu, yakiwa na floraidi ile ile iliyokuwa kisimani. Familia inaweza kunywa maji hayo mwaka mzima ikiwa na amani kamili moyoni. Mwanafunzi huichunguza saa hiyo ya kushindwa kwa kupitisha maji katika bomba lililojazwa mkaa na kupima kinachotoka kila baada ya muda, mpaka namba inapoanza kupanda. Kwa watu wa afya, grafu hiyo ni muhimu kuliko picha zote nzuri za hadubini, kwa sababu ndiyo inayosema ni lini chujio limeacha kuwa kinga.

Sehemu inayoipa fani hii jina la “endelevu” ni tathmini ya mzunguko wa maisha wa nyenzo, ambayo taratibu zake zimewekwa katika viwango vya kimataifa vya ISO 14040 na 14044. Mwanafunzi hutakiwa kuanza na kipimo cha huduma, si kipimo cha bidhaa. Halinganishi kilo ya mkaa wa mifupa na kilo ya nyenzo nyingine. Hulinganisha, kwa mfano, lita 1,000 za maji yaliyoshushwa chini ya miligramu 1.5, kisha huuliza kila njia imekula nini na imeacha nini ili kuzipata lita hizo. Hapo sifa za njia nyingi hubadilika. Njia ya Nalgonda, iliyobuniwa India na kuitwa kwa jina la wilaya yake, hutumia shabu na chokaa. Ni rahisi kuianza, lakini huhitaji kemikali kila siku na huacha tope lenye floraidi na aluminiamu la kutafutiwa mahali. Utando wa kuchuja kwa shinikizo hutoa maji safi sana, ila hudai umeme na hutupa sehemu ya maji yakiwa makali kuliko yalivyoingia. Mkaa wa mifupa hugeuza taka za machinjio kuwa kinga, na hilo ni jema. Lakini tanuri lake lina moto. Likichomwa kwa kuni zilizokatwa katika miteremko ile ile inayolisha chemchemi, na moshi wake ukaenda katika mapafu ya wachomaji, hesabu haiwezi kufungwa kwa kusema tu kwamba malighafi ilikuwa ya bure.

Kisha kuna mwisho wa nyenzo. Mkaa uliojaa unaweza kuoshwa kwa mmumunyo wa magadi-soda makali, yaani sodiamu haidroksidi, floraidi ikaachia na mkaa ukatumika tena kwa uwezo uliopungua kiasi. Chujio lililotajwa hapo juu lilikuwa na gramu 20 za floraidi. Zikitolewa katika lita 40 za maji ya kuoshea, kila lita itakuwa na miligramu 500. Swali la nani atayamwaga maji hayo, na wapi, halina jibu la kijijini lililo rahisi. Kuyamwaga mferejini ni kuyarudisha kwa jirani wa chini, tena yakiwa yanaunguza ngozi. Kwa sababu hiyo, uoshaji unafaa ufanywe mahali pamoja, chini ya usimamizi, na si nyuma ya jiko la mtu. Mkaa uliochoka usiooshwa una hatari ndogo zaidi, maana floraidi imekaa imara ndani ya madini.

Jambo moja maabara haiwezi kulipima. Mifupa ni mifupa. Mwislamu atauliza mnyama alichinjwaje na kama hakuna mfupa wa nguruwe. Mhindu anaweza kukataa mfupa wa ng’ombe kabisa. Na wapo wasio na katazo lolote la dini ambao watahisi tu kichefuchefu. Hayo si ujinga wa kuelimishwa. Ni sharti la usanifu, sawa na joto la tanuri, na nyenzo isiyonyweka haitibu mtu hata ikishika floraidi mara kumi. Mtengenezaji anayetenganisha mifupa tangu machinjioni na kuweza kueleza ilikotoka amefanya uhandisi mzuri kuliko anayeficha jina la malighafi.

Utafiti wa nyenzo nyingine unaendelea. Askwar Hilonga, mhadhiri wa taasisi hiyo hiyo ya Arusha, alipata mwaka 2015 Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Uhandisi inayotolewa na Royal Academy of Engineering ya Uingereza, kwa chujio linalounganisha mchanga na chembe za nano na ambalo linaweza kuandaliwa kulingana na uchafu wa maji ya mahali husika. Wazo la mwisho hilo ndilo lenye uzito: maji ya kila kisima yapimwe kwanza, kisha nyenzo ichaguliwe. Mara nyingine jibu la uaminifu ni kwamba nyenzo mpya haihitajiki. Maji ya mvua huwa na floraidi kidogo sana. Nyumba yenye paa la bati, mfereji na tangi inaweza kuyahifadhi kwa ajili ya kunywa na kupikia tu, na maji ya kisima yakabaki kwa kuoga na kufua, kwa kuwa floraidi haipiti kwenye ngozi kwa kiasi cha kudhuru. Tasnifu yenye kichwa “mfereji na tangi” huenda isimpatie mwandishi wake sifa; kijiji kinaweza kufaidika nayo kuliko unga wowote wa nano.

Mhudumu wa zahanati anaweza kuanza na machache hata kabla chujio halijafika. Maziwa ya mama huwa na floraidi kidogo mno, hata pale mama mwenyewe anapokunywa maji yenye floraidi nyingi, kwa hiyo miezi sita ya kunyonyesha bila kuchanganya na kitu kingine ni miezi sita ya kinga. Hatari huingia na uji wa kwanza, na maji machache salama yaliyopo nyumbani yapaswa kuwa ya uji huo. Magadi ya asili yanayotiwa katika maharage na makande ili yaive haraka huweza kubeba floraidi nyingi, hasa yale yaliyokusanywa katika ukanda wa Bonde la Ufa. Mama anayejitahidi kuchuja maji, kisha akatia magadi hayo chunguni, anairudisha floraidi kwa kijiko. Kuloweka maharage usiku kucha hupunguza muda wa kupika bila gharama hiyo.

Na pale familia inapokuwa na chujio, kadi ya mtoto ndiyo mahali pazuri pa kuandika mambo matatu: kisima kina floraidi kiasi gani, ndoo ilijazwa mkaa tarehe ipi, na itajaa lini kwa hesabu ya lita wanazotumia. Mama hurudi kliniki kupima uzito wa mtoto kila mwezi. Safari hiyo hiyo anaweza kubeba chupa ndogo ya maji yaliyotoka kwenye chujio, yakapelekwa kupimwa pamoja na ya wenzake.